Sahihi Yangu kwenye Akaunti ya Nafula

Jumatatu, 1 Desemba

Bodaboda nilianzisha mimi. Watu wa Busia hawajui historia. Abiria wa kwanza kuvushwa mpaka huu kwa baiskeli alikaa nyuma ya mgongo wangu. Nafula anasema bodaboda zilikuwepo kabla sijazaliwa. Wivu tu.

Huyu Nafula ni mtoto wa dada yangu. Miaka thelathini na minne. Miguu haitembei tangu utotoni. Ana baiskeli ya magurudumu matatu, anaizungusha kwa mikono, anavusha sabuni na unga wa wenye maduka. Sasa anataka kibanda cha vitenge soko la Tororo, achoke kwa mali yake mwenyewe. Mwenye kibanda amempa mpaka Ijumaa saa kumi. Ikipita, anampa mtu mwingine.

Leo nimempeleka Tororo kufungua akaunti. Benki ina ngazi, akabaki chini mlangoni. Alisaini kadi moja pale pale, nikapanda nayo. Karani akaniita mlezi. Alijua kumtambua mtu mkubwa. Karatasi nyingi, Kiingereza kitupu. Nikasaini kila aliponionyesha.

Jumatano, 3 Desemba

Siku ya kugawana akiba ya mwaka. Chama cha akina Nafula kina watu ishirini, wote wana ulemavu. Wasioona, wasiosikia, wasiotembea. Nilikwenda kama mgeni rasmi. Kadi ya mwaliko sikuiona, lakini mtu kama mimi haandikiwi kadi.

Sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu. Kabla ya kufungua lazima salio la wiki iliyopita lisemwe kutoka kichwani, bila daftari. Othieno, mweka hazina, haoni kabisa. Akalitaja mpaka shilingi ya mwisho. Wenzake wakakubali, wasiosikia wakalionyesha kwa vidole. Sanduku likafunguliwa, pesa zikahesabiwa. Sawasawa. Nywele zilinisimama.

Othieno akaanza kupapasa noti za kugawa, kila moja anaijua. Nikamjaribu. Nikampa elfu moja yangu, nikasema ni elfu ishirini. Akaipitishia kidole mara moja.

“Mzee, hii peleka kanisani.”

Walicheka mpaka baiskeli zikatikisika. Mimi pia. Lakini nilikuwa na baridi mgongoni. Mwaka mzima watu hawa wamekuwa wakijenga kitu, na mimi napita pale kila siku nikiwaonea huruma.

Alhamisi, 4 Desemba

Nafula ameweka fungu lake benki. Nimewaambia majirani benki ile inanisikiliza.

Ijumaa, 5 Desemba



Asubuhi Nafula alikwenda kutoa pesa za kibanda. Wakamwambia haiwezekani bila sahihi ya mlezi. Mlezi ni mimi. Nilimwandikisha kama mtoto mdogo. Akanipigia simu.

Nilifika saa saba, kalamu mkononi. Nikamwambia, mwanangu, nasaini sasa hivi, tunakwenda zetu.

“Mjomba, rudisha kalamu mfukoni.”

Nikamwambia kibanda kitakwenda.

“Kiende. Ukisaini leo, mwezi ujao nitakuja kukupigia magoti. Na magoti yangu unayajua.”

Alitaka jina langu litoke kwanza. Karani akasema arudi Jumatatu. Nafula akaiweka baiskeli katikati ya mlango, akafunga breki. Wateja wakawa wanapita ubavu ubavu. Hakupiga kelele. Alikaa tu. Saa nane ikapita. Nilitokwa jasho kuliko yeye.

Mwishowe meneja mwenyewe akashuka ngazi na karatasi. Akachuchumaa ili waonane macho. Nafula akasoma kila mstari kwa sauti, Kiingereza chote, polepole, kidole juu ya karatasi. Alipofika kwenye jina langu akalikata. Kisha nikasaini kwamba mimi si mlezi wa mtu.

Saa tisa na nusu pesa ziko kifuani mwake. Barabara ya sokoni inapanda. Nikashika kiti nisukume.

“Usiguse.”

Nikakimbia nyuma, suruali inashuka. Mimi nimewahi kupigana na kiboko kule ziwani, nikamshinda. Lakini mabega kama yale sijawahi kuona. Yalikuwa yanaipandisha barabara yenyewe.

Mwenye kibanda alikuwa ameshaanza kufunga. Nafula amelipa. Kibanda ni chake. Nilisimama pembeni, nikapandisha suruali.

Jumapili, 7 Desemba

Nimeshinda nyumbani. Mvua kidogo. Nafula amepita kutoka kanisani, ameacha mihogo, hakugusia habari za Ijumaa. Nilitaka kumwomba radhi, nikamsifia mihogo.

Niandike hapa, maana hakuna anayesoma. Siku ya kufungua akaunti karani aliniuliza kama nimeelewa. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuwa nimeelewa kitu. Nilikuwa nahangaika nisimame vipi, niweke wapi mikono.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia benki.