Sauti ya Mama Kiplagat

Lumakanda,
25 Novemba 2024

Kwako kaka yangu mpendwa Wanjala,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Lodwar, wewe na shemeji na watoto, na kwamba jua la huko limewahurumia kidogo. Sisi huku tu wazima, ingawa goti la mama bado linamsumbua asubuhi akitoka kukamua. Mahindi tumeshavuna, lakini mvua imekataa kuondoka. Kila siku tunayaanika uani, na kila siku saa nane ikifika tunakimbia kuyafunika kwa turubai. Mama anasema ungekuwepo tungepata mikono miwili zaidi. Barua hii nimempa Oduor, yule dereva wa lori anayeleta mahindi huko kwenu. Ameniahidi atakupa mkononi.

Ulipokuja mara ya mwisho uliuliza studio inaendeleaje, nami nikakujibu kwa mkato. Leo acha nikueleze vizuri.

Bado iko katika lile ghala la mahindi la baba. Kuta nimezifunika kwa mablanketi ya zamani ya mama na godoro ulilokuwa ukilalia, ambalo nililikata vipande nikavipigilia misumari. Usikasirike. Maikrofoni ni ile ile moja, naifunga kwenye mpini wa ufagio. Kompyuta uliyonipa ikipata moto inajizima, kwa hiyo tunarekodi nyimbo mbili, kisha tunakunywa chai ikipoa. Mvua ikinyesha hakuna kazi, kwa sababu ya mabati. Mashine ya jirani ya kusaga unga ikinguruma pia hakuna kazi, tunangoja mwenyewe aende kula. Pamoja na hayo yote watu wamekuwa wakija. Kwaya za kutoka Turbo mpaka Matete zimeimba ndani ya ghala lile. Walikuwa wakiambiana, nendeni kwa Roda, huyo ana sikio.

Mama Kiplagat unamkumbuka vizuri. Ndiye aliyetufundisha nyimbo katika shule ya Jumapili, na ndiye aliyeimba siku ya kumzika baba, wakati mimi na wewe hatukuweza hata kufungua midomo. Kwa miaka ishirini na mmoja ameongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa letu.

Mwezi wa Aprili kwaya ilikuja kurekodi nyimbo za kusherehekea miaka hamsini ya kanisa. Tulipomaliza siku ya kwanza nikakaa kusikiliza. Sauti ya Mama Kiplagat ilianza vizuri, lakini ilipofika kule juu ikafifia, kama mtu anayekuita huku akiteremka bondeni. Nilirudia mara tano, na kila mara ni vile vile. Basi nikamwita Mwalimu Kimutai, kiongozi wa kwaya, tukasimama nyuma ya ghala. Nikamwambia kwamba sauti ya mama yule imeisha, ni umri, tusimwaibishe kwa kumweka kwenye rekodi. Kimutai akasema yeye hakuona tofauti kubwa, lakini kama mimi ndiye nimesema, basi, maana yeye si mtu wa mashine.

Kesho yake alienda kumwambia. Winrose, yule binti aliyemaliza chuo cha Bukura, akapewa nafasi. Kimutai alinisimulia kwamba Mama Kiplagat hakubisha. Aliuliza tu kama hayo ni maneno yake au ya Roda. Aliposikia ni ya Roda, akavua kitambaa cha kwaya shingoni, akakikunja, akamrudishia. Tangu siku ile anakaa kiti cha mwisho kanisani, karibu na mlango, pamoja na akina mama wenye watoto wachanga.

Winrose naye nilimwona anafifia pale pale. Sikujiuliza, kaka. Nikashika mashine nikaziongeza zile sauti nyembamba za juu, nikaongeza tena, mpaka nikaridhika. Mwezi wa Agosti, siku ya sherehe, nyimbo zikapigwa kwenye spika kubwa za kanisa mbele ya wageni. Watu wakaziba masikio. Mtoto mmoja akaanza kulia, mchungaji akaashiria kwa mkono zizimwe. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya spika nikifikiri kazi imetoka safi.

Kimutai ni mtu wa heshima. Alikuja nyumbani akasema bila shaka ni spika za kanisa, lakini tukiweza turudie. Nami nikakubali kwamba ni spika. Wakarudi Septemba. Katikati ya wimbo wa pili Winrose akasimama, akasema kuna nyenje analia ukutani. Wanakwaya wote wakaitikia kwamba hata wao wanamsikia. Mimi ndiye niliyevaa hedifoni, mimi ndiye niliyepaswa kumsikia kabla ya wote. Nikasema ndiyo, nimemsikia muda mrefu, nikainama kumtafuta upande wa dirisha.

“Roda,” Kimutai akaniambia polepole, “ako nyuma yako.”

Nikageuka. Nyenje alikuwa juu ya blanketi, karibu kabisa na bega langu, na mabawa yake yanatetemeka. Sikusikia kitu. Hakuna aliyecheka. Wote waliangalia chini, na hilo liliniumiza kuliko kicheko.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Kaka, masikio yangu yanakufa. Nilimdanganya mama kwamba naenda Kakamega mjini kutafuta waya, kumbe nilienda kupimwa. Waliniweka ndani ya chumba kidogo kama kabati, wakanipa kitufe, wakaniambia nibonyeze kila nikisikia mlio. Nilikaa nikingoja, nikidhani mpimaji bado hajaanza. Alipofungua mlango aliniambia amemaliza. Akanieleza kwamba sauti za juu ndizo hutangulia kwenda, zingine zitafuata, na kilichokwenda hakirudi. Kuna vifaa vya kuvaa ambavyo vitanisaidia kuzungumza na watu, lakini havitanifanya niweze kuhukumu wimbo. Nikamwuliza ilianza lini. Akasema kitu kama hicho huchukua miaka, labda mitatu, labda minne. Hii ndiyo sababu sipokei simu zako. Kwenye simu maneno yananifikia yamevunjika, nami nimechoka kuitikia nisichokisikia.

Niliporudi nilifungua rekodi ya Aprili. Safari hii sikutegemea sikio, niliitazama. Mashine huichora sauti, na wewe unajua ninavyojua kuisoma michoro ile. Sauti ya Mama Kiplagat ilikuwa imepanda mpaka juu kabisa, imenyooka, haina kasoro. Mimi nilikuwa nimekodoa macho, na ndani ya hedifoni kulikuwa kimya. Kilichoisha kilikuwa sikio langu. Nikamvua mama yule kitambaa chake cha miaka ishirini na mmoja, halafu nikala chakula cha jioni nikalala.

Nilienda kwake. Nilimkuta anapepeta maharagwe, nikapiga magoti, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anifukuze, na kusema kweli nilitamani anifukuze. Badala yake akanivutia kiti, akaniuliza kama yananiuma. Nikamwambia hayaumi. Nikamwambia nitasimama kanisani niseme mbele ya watu wote, arudishwe mahali pake. Akatikisa kichwa.

“Usiseme. Watu wakijua, nani ataleta kwaya kwako? Wacha ikae kwangu, hata mama yako sitamwambia.”

“Lakini sauti yako haijaisha, Mama. Nimeiona kwenye mashine kwa macho yangu.”

“Umeiona,” akasema. “Mimi tangu Aprili nikijaribu kuimba, hata nikiwa pekee yangu nakamua, koo inafunga. Nasikianga tu vile ulisema imeisha. Niliamini sikio yako kuliko koo yangu, Roda. Sasa nitaacha kuiamini namna gani?”

Akanipimia maharagwe ya kumpelekea mama, nikayabeba.

Jumamosi hii Kimutai analeta kwaya kurekodi nyimbo za Krismasi. Sijamwambia. Labda ameshajua tangu siku ya nyenje, ananingoja niseme mwenyewe. Nikisema, ghala lile linarudi kuwa la mahindi, na mimi sijui kazi nyingine, nina miaka thelathini na minne. Nisiposema, nitaketi pale nikitazama michoro, na siku nyingine nitamvunja mtu mwingine. Nimekaa na mambo haya mawili wiki nzima na hakuna hata moja ninaloliweza.

Jana kanisani nilikwenda makusudi nikakaa kiti cha nyuma, ubavuni mwa Mama Kiplagat. Wimbo wa tatu ulipoanza niliona midomo yake inasogea. Kidevu kilikuwa kimeinuka kama zamani, na mishipa ya shingo imesimama. Niliinama karibu naye mpaka mabega yetu yakagusana. Nilisikia wanaume, nilisikia ngoma. Kama yeye alikuwa anaimba, au alikuwa anachezesha midomo tu ili wenzake wasimwulize, mimi sikuweza kujua. Kumwuliza mwenyewe sikuthubutu. Na wengine ningewaulizaje, wakati mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote? Wimbo ukaisha, akaketi, akafungua Biblia.

Mama anakusalimu sana, anasema mkija Krismasi mje na watoto wote, kuku wapo. Msalimie shemeji, na umbusu Nekoye kwa niaba ya shangazi yake. Tafadhali usipige simu. Oduor anageuza kurudi huku Alhamisi, mpe hata mistari miwili aniletee kabla ya Jumamosi.

Nakutakia afya njema na amani nyumbani mwako.

Ni mimi dada yako,
Roda Khalayi