Maji ya Shingo Yangu na Mama Mudogo Uliyemufukuza

Yaya Kaumba, mukubwa wangu,

Batu ba Kasaji banasema uko muzima, unaimba mu kanisa kama zamani. Basi siulizi zaidi. Batoto bako njo nasalimia kwa roho yote, na mama yao.

Wakati kivimba cha shingo yangu kilifika kama yai la bata, nilikuambia ku simu: «Ngoja, yaya, niende kwa munganga.» Haukungoja. Uliitisha familia, ukasema ni Mama mudogo Mwadi aliniloga. Ndugu ya mama yetu, mwenye alitulea wakati mama alikufa! Bitu byake ulibitupa mu njia, bibi wa batu akaenda kulala ku gare, kituo cha treni.

Huku Kolwezi mi sikuweza tena kuvaa kofia ya kuchomelea chuma. Dispansere moja ilinipa dawa ya kifua kikuu, haikusaidia kitu. Kisha munganga mwanamuke mu lupitalo alizima taa, akaweka torshi nyuma ya kivimba. Mwangaza ukapita.

«Ni maji, tata,» akasema.

Alinituma ku eko, mashini ya kuona ndani ya mwili, tena ku skana Lubumbashi. Akanifasiria: mu mwili kuko tunjia tudogo twa maji, twa kwangu tulijifunga tangu mu tumbo la mama, maji yakajaa pale shingoni. Kwa batoto banaionaka. Kwa mutu mukubwa ni mara moja moja. Si kansere.

Nikamuuliza: «Mutu anaweza kunitupia hii?»

«Nani anasema hivyo?»

Nilisikia haya kutaja jina lako.

Alinipasua, akatoa ule mufuko polepole, sababu ulikumbatia mishipa ya damu. Kipande kilienda ku laboratware, jibu likarudi vile alisema. Inaweza kurudi, alinionya. Nitaendelea kwenda kuonekana na munganga.

Kovu ilipokauka, nilikuja Kasaji na moto wa hasira. Sikugonga kwako. Mama mudogo nilimukuta kwa mujane mwenye kuuza mihogo pale gare. Aligusa kovu: «Ilikuuma sana, mwana?» Nililia mbele ya batu.

Sasa anakaa kwangu. Weye ita familia, batu bale bale, useme mu kinywa chako ulidanganya. Kama haujafanya hivyo, usiniite ndugu.

Salimia mujane wa gare na katekista mwenye alikataa kukusikiliza siku ile uliitisha familia.

Mama mudogo anasema nikuandikie kwamba amekusamehe. Hiyo ni yake. Mi bado.

Ilunga