Mayai Niliyoyageuza

Dada yangu Tabea,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia tangu mvua zikatike, na alizeti imekauka kabla ndege hawajaimaliza. Mimi ni mzima, na miti ya huku imeanza kuota majani. Ningepiga simu, lakini ni wewe uliyesema kwamba maneno ya simu hayarudiwi kusomwa. Basi vaa miwani. Hapo Nduguti wakikuuliza unacheka nini, waambie mdogo wako nusura aharibu kazi ya Wazungu, na chanzo ni wewe.

Unajua nimestaafu, ila taasisi bado inaniita siku tatu kwa wiki. Miaka yangu yote hapa Ujerumani nimelea seli ndani ya visahani: nazilisha, nazihamisha, nazitazama kwa hadubini zikigawanyika. Mwezi huu mama anayetunza mayai ya utafiti amejifungua, nikaombwa nishike nafasi yake. Mayai ya kuku, dada. Nimevuka bahari, nimezeekea ugenini, na sasa kazi yangu ni kuangalia mayai.

Mwenye mayai ni binti anayeitwa Katrin, mtafiti kijana niliyemfundisha kunisalimia. Kila asubuhi anasema "Shikamoo, mzee" kama mtu anayemeza kidonge, nami naitikia marahaba. Anachunguza jinsi moyo unavyoumbika. Aliponionyesha mara ya kwanza nilivuta kiti nikatazama tena. Yai likishapata joto kwa siku moja na nusu hivi, moyo ni kibomba kinyoofu, chembamba kama uzi, na tayari unadunda kabla ya kuwa na damu ya kusukuma. Halafu kibomba hicho hupinda kuelekea kulia. Kwa nini kulia? Hilo ndilo analotafuta. Anatia rangi seli chache kabla moyo haujapinda, kisha anazifuata aone zinakwenda wapi.

Sasa, shamba linalotuletea mayai lilikuwa limefungwa kwa sababu ya homa ya ndege, na ufadhili wa Katrin unaisha mwezi huu. Trei yake ya mayai thelathini ilikuwa ya mwisho. Hayo yangeharibika, angerudi kwao bila kumaliza masomo.

Jumatatu alfajiri aliyalaza ubavu kwenye mashine ya joto, juu ya kila yai akachora alama ya penseli, akaniambia niangalie joto na maji. Mimi nilipoiona ile alama nikadhani naijua. Unakumbuka mwewe alipomchukua yule kuku mweusi, ukayaangua mayai yake kwenye chungu chenye pumba, karibu na jiko? Uliyawekea alama ya mkaa: asubuhi juu, jioni chini, tusije tukasahau yapi yamegeuzwa. Ulisema kuku hugeuza mayai yake, asipogeuza kifaranga hushikamana na ganda. Basi Jumatatu jioni, nilipoona binti ameondoka bila kugeuza, nikamsaidia. Jumanne alasiri, dakika chache kabla hajafika, nikayarudisha alama juu, nikajiona mtu wa maana.

Katrin akakata kidirisha kwenye ganda la yai la kwanza, pale penye alama. Ndani, njano tupu. La pili, tupu. La tatu.

"Haya hayakupata jogoo," akasema, uso umembadilika. "Nawapigia shambani."

Alikuwa ameshashika simu. Ningeweza kunyamaza, na lawama ingekwenda kwa mfugaji nisiyemjua.

"Usipige," nikamwambia. "Jogoo hana kosa. Niliyageuza mimi."

"Uliyageuza?"

"Kuku hugeuza."

"Mzee, mimi si kuku."

Akaketi, akanieleza taratibu, na utaratibu ule uliniuma kuliko kama angefoka. Kiinitete, yaani kifaranga kabla hakijawa kifaranga, ni chepesi. Hupanda upande wa juu na kukaa hapo. Alama ilikuwa ya kumwonyesha mahali pa kukata. Mimi nilikuwa nimevihamisha vyote usiku kucha, na sasa vilikuwa njiani kurudi, kila kimoja kwa mwendo wake.

"Nikisubiri vyote vifike," akasema, "mioyo itakuwa imeshapinda."

Nikaomba tochi, tukashusha mapazia. Nikaliinua yai moja moja mbele ya mwanga, kama tulivyokuwa tukiyapima kwa kibatari, nikitafuta kivuli kidogo cha kiinitete chini ya alama.

"Hili bado. Hili limefika, kata. Hili bado, liache. Kata."

Mwanzoni alikata bila kunitazama. Kufika yai la kumi na kitu akauliza, "Nani alikufundisha hivi?"

"Dada yangu. Ndiye aliyenifundisha kuyageuza pia."

"Basi mwambie tumetoka sare."

Mayai tisa yaliharibika. Katika yaliyobaki alipata mioyo ya kutosha, ikiwa bado minyoofu, inadunda. Akaniita nichungulie. Nimesoma habari za moyo katika vitabu vingi, dada, lakini sikuwahi kuuona ukiwa mdogo hivyo na tayari una kazi. Juzi amemaliza picha zake, na msimamizi wake ameziridhia.

Hakuna aliyenikaripia. Jana Katrin aliniomba tu nimwandikie kwenye karatasi maneno mawili ya Kiswahili, nikaandika, nikafurahi kwamba anataka kujifunza. Leo asubuhi nimeyakuta yamebandikwa kwenye mlango wa mashine, kwa herufi kubwa nyekundu: USIGEUZE MAYAI. Jengo hili lina watu wa mataifa mengi, na anayeweza kuyasoma ni mmoja tu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, na umwambie asikuache uchote maji na goti hilo. Msalimie binamu yetu Kitundu, mwalimu wa Sepuka. Habari hii ya moyo kupinda kulia awasimulie wanafunzi wake, ila sehemu ya mzee na penseli airuke. Na shangazi wa Mitundu, kama bado anafuga, mwambie namkumbuka yeye na majogoo wake.

Ni mimi mdogo wako, niliyepigwa marufuku kwa maandishi,

Msengi