Bwana Shamba na Chemchemi Yetu

Kawira mjukuu wangu,

Nyanya yako ni mzima, bado ananificha sukari. Unauliza kama wewe, injinia, urudi chuo kusomea utunzaji wa mazingira. Mimi hao watu wa mazingira huwa nawashuku. Nikiwa kijana hapa Kiirua, bwana shamba alituambia tuzungushie chemchemi mikaratusi. Mama akamwambia, "Hiyo miti inakunywa kuliko mume wangu." Akajibiwa, "Mama, hii ni sayansi." Mimi ndiye nilimshikia bwana shamba futi ya kupimia, nikavimba kichwa. Chemchemi ilipokauka, mama alinipatia mtungi: "Haya, mwanasayansi, enda mtoni." Wasichana walinicheka njia yote.

Soma tu. Lakini ukija kutushauri, anza na wanawake wanaochota maji. Mimi nitakuwa nakuangalia kwa jicho la pembeni.

Babu yako