Wageni tumboni mwa nyuki wa Kalunde

Jumatano

Nyuki wa kweli wamehamia tumboni mwa nyuki wa saruji! Yule yule mkubwa kuliko jiko langu, aliyejengwa na mwanangu Kalunde kando ya barabara hapa Itetemia. Tabora nzima nani ana binti kama huyu? Mimi simwoni.

Asubuhi nilimkuta ameketi chini analia. Uzinduzi umekaribia, watu wamealikwa, na nyuki wanaingia na kutoka mdomoni mwa sanamu kama kwao.

"Mama, nimeharibu. Niliipaka nta ili ing'ae."

Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka. Binti wa mrina asali! Marehemu baba yake kila mzinga mpya aliupaka nta kabla ya kuutundika, ili nyuki waje. Mtoto kawakaribisha mwenyewe.

Shemeji yangu akaja na kijinga cha moto awafukuze kwa moshi. Kalunde akamshika mkono.

"Baba mdogo, waache. Waalikwa watakaa upande wa pili wa barabara."

"Na wakiumwa?"

"Si ndiyo wataamini kuwa ni nyuki, shemeji!" nikamjibu mimi. Hata yeye alicheka.

Lakini naogopa. Akiumwa mtu mmoja tu watasema kazi ya mwanamke ina mkosi. Na mwanangu alivyohangaika na saruji ile...

Jioni tulisimama mbali kidogo, tukasikiliza sanamu ikivuma.

"Kama mizinga ya baba," Kalunde akasema. Hakulia tena.

Basi, viti ng'ambo ya barabara, pilau napika mimi. Waje wote Jumamosi.