Paka wa Kitanda cha Kaka

6 Januari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila magoti yananisumbua, na cherehani nayo imeanza kulalamika kama mwenyewe. Hujambo wewe? Lile tumbo limetulia?

Habari ya hapa ni kwamba nimepata paka. Aliingia siku ya mvua, akakaa juu ya vitambaa vya sare za shule, na hajatoka. Namwita Bwana Mkubwa. Nikikanyaga cherehani analala juu ya mguu wangu wa pili. Nikienda bafuni ananisubiri mlangoni. Jioni anapanda mapajani, anakoroma kwa raha mpaka nami nasinzia. Huyo ni dume. Majike nimewafuga, nawajua: wanakuja wakiwa na njaa, wakishashiba hawana habari nawe. Jirani, mke wa mwashi, ananiuliza kama nimemwangalia chini ya mkia. Nikamwambia mimi mwanamke wa heshima zangu, siinui mkia wa mtu. Mapenzi yale yananitosha kujua.

Nimempa kitanda cha kaka yako. Kaka yako hajaandika tangu mwaka juzi, lakini mwanaume ana mambo mengi.

Mamako


20 Januari

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepata nafuu. Mimi niko na kazi yangu ile ile ya kuosha vizimba hapa hospitali ya wanyama, nanuka dawa mpaka kwenye mto.

Nilimsimulia daktari wetu habari za Bwana Mkubwa. Alicheka. Anasema dume asiyehasiwa huzurura na kupigana, jike anayetafuta dume hupiga kelele, lakini wakishahasiwa wote huwezi kuwatofautisha kwa mapenzi. Kinachomfanya paka apende watu, anasema, zaidi ni mikono iliyomshika akiwa mdogo.

Mama, tumbo halijatulia. Ni uvimbe, watanipasua mwezi wa nne. Nitahitaji mtu wa kuniinua na kuniogesha mpaka kidonda kifunge. Hapa nimepanga chumba ghorofa ya tatu na sina mtu. Naomba nije nilale chumba cha kaka.

Mwanao


15 Februari

Mwanangu,

Salamu, na pole kwa tumbo. Mimi nilikuzaa asubuhi, mchana nikarudi kwenye cherehani, kwa hiyo usijitie unyonge.

Chumba kina mwenyewe. Bwana Mkubwa hapendi wageni, na kaka yako akirudi leo atalala wapi? Halafu niseme la moyoni, usinune: wewe unanikumbuka ukiwa na shida. Tangu mdogo uko hivyo, ukikumbatiwa unajinasua. Kaka yako alikuwa habanduki mgongoni mwangu. Wa kike ndivyo mlivyo, watu na paka. Daktari wako amesoma, mimi nimeishi.

Nakutumia picha. Mpiga picha alikuja kuchukua suruali yake, akatupiga bure. Mtazame Bwana Mkubwa alivyotulia mapajani.

Mamako


28 Februari

Mama,

Shikamoo. Picha nimeipata. Umetabasamu. Sina hata picha moja uliyopiga nami ukiwa umetabasamu.

Bwana Mkubwa ana rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya chungwa. Paka wa rangi hizo tatu karibu wote ni majike. Daktari wetu amezeekea kazi hii na hajaona dume wa namna hiyo. Kama unaona haya, mwombe mke wa mwashi akuinulie huo mkia.

Kwa hiyo anayekusubiri mlangoni mwa bafu ni jike. Uliyempa kitanda cha kaka ni jike. Nimecheka, Mama, halafu nikaenda kulia chooni. Kama jike mmoja ameweza kulala kitanda kile, hata wa pili anaweza. Nakuomba tena.

Mwanao


25 Machi

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mke wa mwashi aliangalia. Ulisema kweli, haya, furahi.

Ajabu ni kwamba tangu siku ile nimeanza kuona. Kumbe mguuni alikuwa anafuata joto tu. Kumbe bafuni alikuwa ananivizia nisahau kufunga mlango wa jikoni, aibe. Akinitazama namwona anajipendekeza. Alipanda mapajani nikamsukuma, akapanda tena, nikamsukuma tena. Hana hata haya. Nikamtia kwenye gunia, nikampa mbeba taka akamtupe ng'ambo ya daraja. Baada ya wiki alirudi, anachechemea, makucha yamevunjika, akakaa mlangoni analia. Sikufungua. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisimsikie.

Chumba sasa ni kitupu na nimekitia kufuli. Usiniombe tena. Ila kama una huruma na mamako, kazini kwenu hapakosi paka. Nichagulie dume, umkague mwenyewe. Nyumba imekuwa kimya mno.

Mamako


9 Aprili

Mama,

Shikamoo. Dereva wa gari la dawa za mifugo anapita kwenu, atakukabidhi kizimba pamoja na barua hii.

Huyu ni dume. Nimemkagua mwenyewe na daktari amemkagua. Amezaliwa stoo yetu ya chakula cha ng'ombe, nyuma ya magunia, hajahasiwa, na hajawahi kushikwa na mtu isipokuwa mimi jana, tena nimevaa glavu za ngozi. Daktari alinikataza nisimtume. Nikamwambia mama yangu anajua kwamba dume mapenzi yako damuni.

Jumatatu napasuliwa.

Mwanao


17 Juni

Mwanangu,

Salamu. Usinicheke mwandiko, natumia mkono wa kushoto. Yule paka aliniuma nilipomfungulia. Mkono wa kulia ulivimba mpaka kwenye kiwiko, na sasa vidole viwili havikunjiki. Sishoni tena. Yeye anaishi juu ya kabati la vyombo. Nikipita ananifokea. Amekojolea sare zote za darasa la kwanza, na watu wa shule wamechukua vitambaa vyao wakampelekea fundi mwingine. Bado namwekea chakula. Ni dume, nadhani atazoea.

Nilimwandikia kaka yako. Safari hii alijibu: niuze cherehani, nihamie kwenye nyumba ya wazee.

Yule wa rangi tatu yuko kwa mke wa mwashi. Namwona dirishani, amejilaza mapajani mwa yule mwanamke. Jana nilimwita. Aliinua kichwa, akanitazama, akakilaza tena. Niliumia, sikufichi.

Hukuniambia upasuaji ulikwendaje. Kufuli nimelitoa, nimetandika shuka mpya. Njoo, mwanangu. Hata vifungo vya gauni siwezi kuvifunga.

Mamako


1 Julai

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mkono. Nilijua atakuuma.

Nimepona. Mwanamke anayefagia hapa kazini alinichukua kwake, chumba kimoja, yeye na watoto wake. Alinipa kitanda akalala sakafuni. Aliniogesha, akanilisha kwa kijiko, akasafisha kidonda bila kukunja uso. Siku ya kwanza alipotaka kunikumbatia nilijinasua, kama unavyosema. Hakununa. Alikaa pale pale mpaka nikarudi mwenyewe. Kumbe napenda kukumbatiwa, Mama. Miaka yote hii sikujua.

Nimehamia kwake moja kwa moja. Watoto wananiita dada, na yeye nimezoea kumwita Mama, ndiyo maana hata kukuandikia wewe sasa kunanichanganya.

Yule dume mwachie mlango wazi, ataondoka. Shuka zikunje, uziweke kabatini.

Mimi,
mwosha vizimba, hospitali ya wanyama