Ndimu Zako Katika Mtambo wa Gesi

Mke wangu mpendwa, Mama Mwende,

Pokea salamu zangu za heshima, pamoja na za majirani wa huku Kibera, ambao bado hukutaja kila wapitapo mlangoni petu. Naomba uniwie radhi kwa kukawia. Tangu tukuzike mvua imekuja mara mbili na kuondoka, nami nilikuwa natafuta namna ya kukueleza jambo hili bila kuona haya.

Ni habari ya bafu la maji ya moto, lile ulilolipigania kwa ajili ya kina mama waliojifungua. Maji yalizidi kupoa. Mtambo wa gesi unaoyachemsha umezeeka, kama mimi, na sote tuliamini kwamba gesi itokayo vyooni imepungua. Mwenyekiti wa kamati inayosimamia bafu alisimama kanisani, samahani sana, akawasihi waumini watumie choo cha umma kwa wingi zaidi. Walikuja, Mama Mwende! Gesi ikajaa, moto ukanguruma, maji yakabaki vuguvugu. Mama Atieno, anayetunza bafu, akaniambia, "Mzee, hii maji haiwezi hata kulainisha mandazi." Kamati ikaazimia kwamba Jumamosi bafu lifungwe.

Jumatano asubuhi nilikuwa nikijichemshia chai. Birika lako lilikawia hata nikamaliza sala na kuanza nyingine. Nilipolifungua niliona ukoko mweupe wa chokaa, mnene kama ukucha. Tangu uondoke sikulisafisha. Nikakumbuka ulivyokuwa ukichemsha ndani yake maji ya ndimu. Tena nikakumbuka siku ile uliposimama mbele ya kamati, ukauliza kama koili ya shaba, inayopitisha maji juu ya moto wa gesi, haihitaji ndimu pia. Mimi, fundi wa mtambo, nilikujibu, "Mama Mwende, huu ni mtambo, si birika." Watu wakacheka. Wewe ukaketi.

Nilikwenda soko la Kawangware 56 kununua gunia la ndimu. Muuzaji, Mkikuyu aitaye kila babu "Guka", akanitania, "Guka, hizi zote? Ni pilau ya harusi? Umepata bibi?" Nilimjibu kwamba ninaye.

Kwa siku mbili tulizungusha maji ya ndimu yenye moto ndani ya koili. Ukoko ukatoka vipande vipande, kama maganda ya mayai. Ijumaa alasiri Mama Atieno alifungua bomba, akaruka nyuma. "Uuwi! Mzee, kwani mimi ni kuku wa kunyonyolewa?" Sijapata kufurahia karipio kiasi kile.

Jumamosi kamati ilinipigia makofi. Niliwaomba waache. Nikasema kwamba dawa ni yako, kwamba uliitaja mahali pale pale, nami nikakunyamazisha. Mwenyekiti, ambaye siku ile alicheka kuliko wote, akainuka, akavua kofia, akakuomba radhi kwa jina lako kamili. Bafu halikufungwa. Leo asubuhi nimesikia kitoto kichanga kikilia humo ndani, kisha kikanyamaza kwa raha.

Nisamehe, mpenzi wangu. Naahidi kuiosha koili kila mwezi, nikianza na birika lako. Pumzika vyema katika udongo wa kwetu Kitui.

Barua hii ataibeba binti yetu Mwende, anayesafiri kesho kwenda kupalilia mahindi, na atakusomea kwa sauti hapo kaburini. Nilimwomba aruke pale nilipokujibu vibaya mbele ya watu. Amekataa. Ana kichwa chako.

Mumeo mtiifu, ingawa amechelewa,
Baba Mwende